Mguu unawaka moto, daktari anasema damu haifiki

Shikamoo Mama.

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, nalima migomba na kahawa kidogo huku Moshi vijijini. Huu ni mwaka wa tatu tangu nipate ajali ya bodaboda. Nilikuwa abiria. Tulikuwa tunashuka mteremko, mvua imetoka kunyesha, pikipiki ikateleza na kuulalia mguu wangu wa kushoto. Ugoko ukavunjika katikati, mfupa ukatokeza nje. Nikasafishwa, nikawekewa chuma na skrubu, nikalala wodini wiki tatu nikarudi nyumbani na magongo.

Miezi minne baadaye nikaota kijipu palepale juu ya mshono. Kikapasuka, usaha ukatoka. Tangu hapo ni mchezo uleule. Tundu linafunga, nafurahi, halafu baada ya mwezi hivi mguu unaanza kuwaka, unavimba, tundu linafunguka tena. Siku moja kilitoka na kipande kama ganda la yai. Pale duka la dawa wananijua kwa jina. Nimemeza vidonge, nimechomwa sindano za siku tano, za siku saba, za siku kumi. Usaha unakauka, kisha unarudi.

Mwezi uliopita nilikwenda hospitali kubwa. Daktari kijana akatazama picha ya eksirei akasema kuna kipande cha mfupa kimekufa, damu haifiki, kwa hiyo mguu ufunguliwe, chuma kitolewe, mfupa ukwanguliwe, na huenda nyama ya nyuma ya mguu ikahamishiwa mbele. Foleni ilikuwa ndefu, nikaona aibu kuuliza zaidi.

Sasa hapo ndipo akili yangu inapogoma. Mguu huu una joto kuliko wa pili. Nikijikwaruza, damu inatoka vizuri tu. Nimepimwa wingi wa damu, ikaja 13.6. Mke wangu ananitengenezea juisi ya rosela na bitiruti kila siku ili damu iongezeke ifike huko chini. Mjomba wangu, mkandaji anayejulikana sana hapa kijijini, anasema damu imeganda njiani, nimpe wiki mbili anichue kwa mafuta ya moto na tangawizi. Shemeji anasema mguu wa namna hii mwisho wake ni kukatwa, nisipoteze hela. Kinachonitisha zaidi ni kwamba asubuhi unyayo wa mguu huo unakuwa wa baridi, na ngozi ya juu ya kifundo imekuwa nyeusi, inang'aa. Ikifika jioni umevimba hadi kiatu hakiingii.

Sigara nimepunguza, nimebaki na tano au sita kwa siku. Sukari sijawahi kupima.

Nina ng'ombe mmoja wa maziwa. Nimuuze kwa ajili ya operesheni, au nimpe mjomba nafasi kwanza? Na damu inashindwaje kufika kwenye mguu unaowaka moto?

Wa Mguu wa Kushoto, Moshi Vijijini

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa miaka mitatu ya magongo.

Nianze na kile kipande kilichotoka kama ganda la yai. Umekitaja kwa sentensi moja ukapita, na kumbe jibu lako lote limo humo. Najua kilikuwaje hata bila kukiona, maana kwa miaka niliyokaa wodi ya mifupa nimeokota vingi kwenye bandeji: cheupe au cha rangi ya meno ya mzee, kikavu, kingo zimeliwa-liwa, hakina hata tone jekundu. Huo ulikuwa mfupa wako. Mfupa ulio hai ukiuvunja unavuja damu. Ule ulikwisha kufa zamani, mwili ukawa unausukuma nje kupitia lile tundu kama unavyosukuma mwiba.

Ulikufaje? Wewe ni mtu wa Kilimanjaro, mifongo unaijua, ile mifereji ya kumwagilia mashamba. Maji yanashuka kutoka mlimani kwa mfereji mmoja mkuu, yanagawanywa kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la kila familia. Mfupa wa ugoko, ule mkubwa tunaouita muundi, nao una mfongo wake. Mshipa mkuu wa damu unaingia kwa nyuma, karibu na theluthi ya juu, ukitobea hadi ndani kwenye uboho, halafu unateremka kwa ndani kuelekea kifundoni. Huo ndio unaolisha sehemu ya ndani ya ukuta wa mfupa, kiasi cha theluthi mbili. Theluthi ya nje inalishwa na utando mwembamba uliouvika mfupa kwa juu, nao unapata damu kutoka kwenye nyama zinazouzunguka. Sasa jipapase ugoko. Kwa nyuma una nyama, lakini mbele kwa ndani ni ngozi na mfupa basi. Upande huo utando hauna jirani tajiri wa kumwomba maji.

Siku ya ajali mfupa ulipokatika katikati, mfongo wa ndani ulikatika nao. Mfupa ulipotoboa ngozi, utando wa nje ukachanika. Kisha ili chuma kikae, daktari alilazimika kuufunua utando kidogo tena. Simlaumu, wakati mwingine hakuna njia nyingine. Lakini kipande kilichobaki kimekosa mfereji wa ndani na wa nje kwa wakati mmoja, na vijidudu vya barabarani vimeshaingia. Kikafa.

Na joto je? Joto linatoka kwenye nyama na ngozi inayokizunguka. Mwili ukijua kuna adui, unafungulia mishipa ya eneo hilo, damu inamiminika, pakawa pekundu, pakavimba, pakawaka. Ndiyo maana ukijikwaruza unatoka damu vizuri. Kihamba cha jirani kimefurika mpaka migomba inaoza, chako cha katikati hakijaona tone kwa miaka mitatu. Ukisimama mbali utasema hapa maji ni tele, na utakuwa umesema kweli kwa kihamba cha jirani. Hata kwenye eksirei inaonekana: kipande mfu mara nyingi huonekana cheupe zaidi ya wenzake, kwa sababu mfupa hai unaokizunguka umepungua chokaa kwa uvimbe na kutotumika, na chenyewe kimebaki kama kilivyokuwa siku kilipokufa. Hakuna damu ya kukimega.

Kwa hiyo mke wako mpe shukrani kwa rosela, aendelee kama unaipenda, ila aondoe wasiwasi. Kwa mwanaume, 13 kwenda juu tunasema damu inatosha. Wewe una 13.6. Shida yako ni njia, wingi upo. Hata ungefika 17, maji yangeongezeka kule juu mlimani tu, na mfereji umekatika palepale.

Hilo pia ndilo linaloeleza mchezo wa duka la dawa. Kidonge na sindano vinasafiri ndani ya damu. Pasipofika damu hapafiki dawa. Vijidudu vilivyoko kwenye nyama vinakufa, usaha unakauka, unapiga simu nyumbani kusema umepona. Vile vilivyokaa juu ya mfupa mfu na juu ya kile chuma vimejijengea utando wa utelezi, kama ule unaoupapasa ndani ya ndoo ya maji iliyosahauliwa, na humo dawa haiviumizi kitu. Vinasubiri. Dozi ikiisha vinatoka tena. Na kila dozi ya siku tano tano inavifundisha vilivyobaki kuizoea dawa, hata siku utakapoihitaji kweli itakuwa imechoka. Acha kununua sindano bila cheti, mwanangu. Katika barua yako yote hili ndilo nakuomba kwa mkono wa ukali. Tena madaktari wengi wa mifupa wanapenda mgonjwa akae kama wiki mbili bila dawa hizo kabla ya kuchukua kipande cha mfupa kwenda maabara, ili vijidudu visijifiche. Ukiwa umemeza kitu, chochote, mwambie daktari, hata kama unaona aibu. Usaha uliopakwa kwenye pamba kutoka mdomoni mwa tundu hautoshi, kwa sababu pale unanasa vijidudu vya ngozi vilivyojipitia. Ukweli uko kwenye mfupa.

Sasa unyayo wa baridi na ngozi nyeusi. Hili ni jambo la pili, usilichanganye na la kwanza. Mpaka sasa tumeongea juu ya mfereji wa kihamba kimoja. Unyayo unatuuliza kuhusu mto wenyewe, mishipa mikubwa inayopita mguuni. Inawezekana iliumia siku ya ajali, inawezekana imesinyaa kwa sigara, inawezekana haina tatizo kabisa na baridi ni kwa sababu mguu hautumiki. Kuna namna ya kujua na haina gharama kubwa. Mwuguzi au daktari apapase mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo kwa ndani, alinganishe na mguu wa kulia. Wapo watu wazima na wazima kabisa ambao pigo la juu ya unyayo halijawahi kusikika, ndiyo maana tunalinganisha na kupima sehemu mbili. Akiwa na shaka, anapima presha ya mkononi na ya kifundoni, anagawanya ya kifundo kwa ya mkono. Jibu likiwa chini ya 0.9, mishipa imebana. Hili lifanyike kabla ya operesheni, kwa sababu daktari akihamisha nyama anahitaji kujua mshipa gani utailisha. Mara nyingine wanaagiza picha maalumu ya mishipa.

Uvimbe wa jioni na weusi unaong'aa mara nyingi ni hadithi ya damu inayorudi, siyo inayokwenda. Damu ikishuka unyayoni inahitaji kusukumwa kurudi moyoni, na pampu yake ni misuli ya kigimbi. Wewe umechechemea miaka mitatu, nadhani kifundo nacho kimekakamaa, pampu imelala. Damu inatuama, maji yanavuja kwenye nyama, chembe nyekundu nazo zinavuja na kuacha rangi kwenye ngozi. Hapa una kazi ya kufanya leo, bila kungoja mtu: kila saa ukiwa umekaa, kunja na kunjua kifundo mara ishirini, vidole vikija kwako na vikienda mbali. Ukilala mchana, mguu juu ya mito miwili, uwe juu ya usawa wa moyo. Ila ukiona hapo unyayo unauma zaidi au unapauka, ushushe, na hiyo ni habari ya kumpelekea daktari. Bandeji ya kubana usivae mpaka mapigo yapimwe. Ikiwa mishipa ya kupeleka damu imebana, bandeji inamalizia kazi.

Sigara. Umesema umepunguza kama mtu anayetegemea kupongezwa. Sikupongezi. Nikotini inabana mishipa midogo, ileile tunayoomba iote upya kwenye mfupa wako, na moshi una hewa ya sumu inayokaa kwenye kiti cha oksijeni ndani ya damu. Damu 13.6 uliyonayo, sehemu yake inasafiri ikiwa imebeba moshi. Nimeona nyama iliyohamishwa kwa ustadi wa saa nyingi ikigeuka nyeusi siku ya tatu, mgonjwa alikuwa anavutia chooni. Ziache zote, wiki kadhaa kabla ya kisu na muda wote wa kupona. Na kapime sukari wiki hii. Kisukari kikiwa kimejificha, kila nitakachokuambia hapa chini kinapungua nguvu.

Basi operesheni yenyewe ni nini, kwa kuwa yule kijana hakuwa na muda. Wanatoa chuma, kama mfupa umeshaunga au wana njia nyingine ya kuushikilia kwa nje. Wanatoa kipande mfu. Halafu wanakwangua ukuta wa mfupa, na wanajua pa kuacha kwa kutazama damu: ukuta uliokufa ni mkavu na mweupe, ukifika kwenye uhai vinachomoza vitone vyekundu vidogo vidogo, kama mtu amenyunyiza pilipili ya unga. Hapo wanasimama. Ndiyo maana nasema operesheni hii ni ya kuitafuta damu kuliko ya kukata. Vipande vya mfupa vinakwenda maabara. Shimo linalobaki haliwezi kuachwa tupu, litajaa damu iliyotuama na vijidudu vitarudi. Mara nyingi linajazwa saruji ya mifupa iliyochanganywa na dawa, inayotoa dawa palepale bila kutegemea mishipa.

Kisha nyama. Wewe umeshtuka uliposikia nyama inahamishwa, na mimi nilifurahi niliposoma, maana huyo kijana anajua kazi. Msuli ni mfuko wa damu. Umevunjika katikati ya ugoko, na hapo kuna msuli mmoja ulio chini ya kigimbi ambao unaweza kugeuzwa kuja mbele bila kukatwa kwenye mshipa wake. Unakuja na mfereji wake mkononi. Ukilala juu ya mfupa uliokwanguliwa, unauletea damu, ulinzi na dawa unazomeza. Sasa ndipo vile vidonge vinapofanya kazi, kwa kawaida wiki sita hivi, vikichaguliwa kwa majibu ya maabara. Kama ungevunjika karibu na kifundo, hapo hakuna msuli wa jirani, na ingebidi kuchukuliwa nyama mbali na kuunganishwa mishipa kwa darubini.

Huenda pia ukakuta mfupa uliotolewa ni mrefu, pakabaki pengo. Usikate tamaa hapo. Huko Kurgan, Siberia, daktari Gavriil Ilizarov alianza miaka ya 1950 kufunga miguu kwa pete za chuma na nyaya, akagundua kwamba mfupa hai ukikatwa taratibu na kuvutwa milimita moja kwa siku, robo robo mara nne, katikati unaota mfupa mpya. Na si mfupa peke yake: mishipa midogo inachipua, damu ya mguu mzima inaongezeka wakati wa kuvuta. Mgonjwa wake mmoja alikuwa Valery Brumel, Mrusi aliyeshinda dhahabu ya kuruka juu kwenye Olimpiki ya 1964 mjini Tokyo. Mwaka 1965 alikuwa abiria wa pikipiki kama wewe, mguu ukasagika, akapitia operesheni nyingi na usaha wa mfupa kabla ya kufika Kurgan. Akarudi kuruka, ingawa rekodi yake ya mita 2.28 hakuifikia tena. Ila nikuambie ukweli, pete ni safari ndefu. Hesabu mwezi mmoja hadi miwili ya kuzivaa kwa kila sentimita ya mfupa, na kusafisha nyaya kila siku.

Shemeji yako hajatukana. Kukatwa mguu kupo, na kuna watu ambao kwao ndiyo njia ya heshima: mishipa mikubwa imekufa, au ugonjwa umeshaanza kumla mtu mzima mzima, au amechoka na operesheni ya nane. Wewe hujafanyiwa hata moja ya kutibu tatizo hili. Unaanzaje mwishoni?

Ng'ombe usimuuze wiki hii. Rudi hospitali kwanza, beba picha zote za eksirei tangu ile ya siku ya ajali, uulize: mfupa umeunga au bado? Mishipa mikubwa mmeipima? Nyama mtaichukua wapi, na nani anaifanya? Kama hapo hawana wa kuhamisha nyama, omba rufaa kwenda hospitali ya kanda au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ni haki yako, si ujeuri. Uliza gharama, ulizia bima, na hospitali ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii, pitia hapo. Baada ya hapo ndipo upige hesabu ya ng'ombe. Na ukipiga, jumlisha sindano zote ulizonunua miaka mitatu, utakuta mguu mmoja wa ng'ombe umeshauuza duka la dawa. Kama anaweza kubaki zizini abaki, maziwa yake kidonda kitayahitaji.

Usisubiri miadi ukiona homa na kutetemeka, vidole kugeuka vyeusi au kufa ganzi, kigimbi kuvimba ghafla na kuuma, kifua kubana, au tundu kutoa damu isiyokatika. Nenda siku hiyohiyo. Na tundu likianza kuota nyama inayozidi, yenye harufu mpya, ikatwe kipande kidogo ipimwe, kwa kuwa kidonda kilichokaa miaka mingi, mara nyingi makumi, kinaweza kugeuka saratani. Wewe una mitatu. Lakini hiyo ndiyo sababu usiifanye kumi.

Amebaki mjomba. Mguu ule asiuguse. Hakuna bonge la damu la kuteremsha, na kama lipo kwenye mishipa ya kigimbi, kulichua ni kulituma mapafuni. Ngozi ile nyeusi haisikii joto sawasawa, mafuta ya moto yatakubabua na utakuwa na donda la pili pembeni ya la kwanza. Ila usimvunje moyo mzee wa watu. Mguu wako wa kulia umebeba kazi ya miwili kwa miaka mitatu, na kiuno nacho lazima kinalia. Mpe hivyo. Mafuta yawe ya uvuguvugu.